Kahawa ya Kenya na Ulimi wa Mwenye Shamba

Wahenga walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Kwa mkulima wa kahawa wa Nyeri, Kirinyaga au Kisii, methali hii imekuwa kweli nusu. Juani huchumia yeye. Kivulini hulia mwingine aliye Ulaya, Marekani au Japani. Kahawa inayosifiwa na waonjaji mabingwa duniani hukuzwa katika nchi ambayo wakazi wake wengi hunywa chai asubuhi na jioni. Hata katika mkahawa, ambao jina lake limetokana na kahawa yenyewe, aghalabu kinachoagizwa ni chai.

Kwa sababu hiyo, mtu anayeiandaa kahawa bora nyumbani kwake kwa makini hastahili kuchekwa. Mtu huyo hununua buni zilizokaangwa karibuni, hupima gramu 15 kwa mizani ndogo, huzisaga kwa mashine ya mkono muda mfupi tu kabla ya kunywa, kisha huutia unga katika kichujio cha karatasi. Huumwagia maji moto kidogo, husubiri yapata nusu dakika ufure na kutoa hewa, ndipo amiminapo maji yaliyosalia hadi yatimie mililita 250. Kazi yote haizidi dakika nne. Kinachopatikana si ule uchungu mtupu ambao wengi hudhani ndiyo kahawa. Kahawa njema ya Kenya ina uchachu uliochangamka, utamu wa mbali na harufu ya matunda. Aliyekulia pwani huenda akakumbuka zambarau. Buni zilezile hubadilika ladha zikisagwa kwa namna tofauti: zikiwa laini mno huleta uchungu na ukakasi, zikiwa kubwa mno huleta kinywaji chepesi chenye uchachu mkali. Kuutafuta wastani huo, siku baada ya siku, ndiyo starehe yenyewe.

Wapo wanaoliona jambo hili kuwa kasumba ya kuiga wageni na ufujaji wa fedha. Dai lao halikosi chembe ya ukweli. Soko limejaa birika, vichujio na mashine ambazo baadhi bei yake hushinda mshahara wa mwezi wa wafanyakazi wengi, na wapo wapenzi wa kahawa ambao hukusanya vyombo kuliko wanavyokunywa. Hata hivyo, chombo cha anasa si mzizi wa jambo. Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden nchini Ujerumani aliyesajili kichujio chake mnamo 1908, alianza na chombo alichokitoboa matundu kwa msumari pamoja na karatasi ya kukaushia wino ya mwanawe. Mwenye fedha kidogo na atangulize mashine ya kusagia, kwa kuwa kahawa iliyokwisha kusagwa hupoteza harufu upesi. Mengine yaweza kungoja.

Isitoshe, ustadi huu si mgeni Afrika Mashariki. Lamu na Mombasa, kahawa tungu imepikwa kwa vizazi katika dele la shaba lililowekwa juu ya makaa, ikatiwa tangawizi na kunywewa katika finjani pamoja na tende au halua. Mwuzaji wake huujua moto, huijua buni na humjua mnywaji wake. Kichujio cha karatasi na dele vinatofautiana kwa mtindo tu; vyote viwili vinadai subira na ulimi makini.

Umbali uliopo kati ya mkulima na kikombe una historia yake. Kabla ya miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kupanda kahawa, na hata ilipoanza kuwaruhusu wachache huko Kisii, Embu na Meru, mlango haukufunguka sawasawa hadi Mpango wa Swynnerton wa 1954. Aina mashuhuri ya SL28 ilichaguliwa nchini humu katika Maabara za Scott miaka hiyo ya 1930, lakini ladha yake ikawa habari ya wanunuzi wa ng'ambo. Hadi leo sehemu kubwa kabisa ya zao hili husafirishwa nje kabla ya kukaangwa.

Hapa ndipo starehe ya jikoni inapogeuka kuwa suala zito. Asiyeijua ladha ya mali yake hawezi kuibishania bei. Mkulima huambiwa kwamba kahawa yake ni AA au AB, ilhali herufi hizo hutangulia kueleza ukubwa wa punje; mnunuzi naye hulipia anachokionja. Yafaa, basi, kila chama cha ushirika kiwe na meza ya kuonjea ambapo wanachama wenyewe wataketi, na yafaa wasomi wa Kiswahili wawasaidie kuyapanga maneno ambayo lugha tayari inayo: uchachu, ukakasi, ukali, utamu, uzito. Mkulima atakayeweza kusema kwa lugha yake ni kwa nini kahawa ya kiwanda chake inaipita ya jirani atakuwa na hoja mkononi siku bei itakapotajwa. Kujifunza huko kwaweza kuanza nyumbani, kwa kichujio kimoja na gramu 15 za buni kutoka shamba lake mwenyewe.