KARAKANANI: Krenki ya Injini Iliyoongezwa Nguvu

Mji wa Kericho uko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 2,000, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini ya dizeli isiyo na turbo, ikitoka Mombasa na kupanda hata Kericho, hupoteza karibu sehemu moja katika tano ya nguvu zake, kwa kuwa hewa inayoingia ndani ya silinda imepungua. Ndiyo sababu mwenye lori la kuchukua majani ya chai kutoka vituo vya Konoin au Litein, akiisha kuchoka kuliona gari lake likitambaa mlimani kama kobe, humwendea fundi akamwomba amfungie turbo na kumwongezea mafuta. Nguvu huja, na furaha huja nayo. Kisha, asubuhi moja ya mvua, kishindo kizito husikika chini ya injini, gari husimama, na majani mabichi huanza kupata joto ndani ya mifuko. Jani lililoungua hivyo halina bei kiwandani.

Fundi akifungua chini, huenda akaikuta krenki imekatika vipande viwili. Krenki ni ule mti wa chuma wenye mapindi ambao watunga kamusi wameupa jina zuri la fitokombo, jina ambalo mafundi wengi hawajalikubali bado. Kazi yake ni kupokea pigo la kila pistoni na kuligeuza liwe mzunguko. Tuseme pistoni ina upana wa sentimita 10, na mlipuko unaisukuma kwa kanieneo ya baa 100. Hapo pistoni moja huelemewa na mzigo wa karibu tani 8. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, pigo hilo hurudi mara 1,000 katika kila silinda. Turbo hulizidisha pigo lenyewe. Mbio nazo huleta shida nyingine, maana pistoni na konrodi hulazimika kusimama na kugeuka juu na chini, na mzunguko ukiwa mara mbili, mvuto wake juu ya krenki huwa mara nne.

Chuma hakikatiki kwa pigo moja, huchoka. Ufa mwembamba kuliko unywele huanza pale shingo ya krenki inapokutana na bega lake, na kila pigo huuongeza kidogo, hata siku ikawadia.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi ni hili: krenki hii imesubiwa au imefuliwa? Ya kusubu ni chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa katika kalibu. Bei yake ni nafuu, nayo yafaa kabisa kwa injini isiyoguswa nguvu zake. Ya kufua imepigwa na kukandamizwa ingali na moto mwekundu, hata nyuzi za chuma zikafuata mapindi bila kukatizwa. Feleji yenye kromi na molibdenamu ikifuliwa namna hiyo ndiyo ifaayo injini yenye turbo. Jicho laweza kuzitambua: ya kusubu ina mstari mwembamba wa kalibu ubavuni, ya kufua ina alama pana iliyosagwa. Ziko pia zilizochongwa kutoka kipande kizima cha feleji, lakini hizo ni za magari ya mashindano, na mwenye lori hana sababu ya kuzilipia.

Uimara hautoki katika chuma peke yake. Beringi nazo huihimili krenki isipinde. Dereva mashuhuri Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kufanya kazi ya ufundi wa magari, alishinda Safari Rally ya mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Injini yake ya B18, ya lita 1.8, ilikuwa na krenki iliyokaa juu ya beringi kuu tano, ambapo B16 iliyoitangulia ilikuwa na tatu tu. Haisemwi kwamba beringi ndizo zilizompa ushindi, maana alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Lakini gari bovu halimalizi njia kama ile.

Wengi hununua krenki iliyotumika. Hapana ubaya, maadamu ijaribiwe. Itundikwe kwa kamba na kugongwa kwa nyundo ndogo: nzima hulia kama kengele, yenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Jaribio hilo halitoshi kwa injini ya nguvu nyingi. Karakana yenye mashine ya sumaku hunyunyiza unga wa chuma, nao hujipanga juu ya ufa usioonekana kwa macho. Iulizwe pia imesagwa mara ngapi. Kupunguza milimita 0.25 au 0.50 ni jambo la kawaida, ila krenki iliyogumishwa kwa gesi ya amonia ina ngozi ngumu isiyofika hata milimita moja, na msagaji akiipunguza mno yapasa igumishwe upya. Na pembe ya shingo ibaki na mviringo wake. Fundi anayeiacha kali kama ya sanduku amekwisha kuuanzisha ufa kwa mkono wake mwenyewe.

Asiyeweza kununua ya kufua hakukosa njia. Na amwambie fundi apunguze mafuta na kushusha msukumo wa turbo hata nguvu zirudi kadiri ya zile zilizokusudiwa na kiwanda kwa nchi za chini, zisizidi hapo. Lori litachelewa dakika chache kupanda mlima wenye majani, nayo majani yatafika siku ile ile.