Kudhoofisha Hoja

Tangu 1948, wengi watakao kusomea sheria huko Marekani wamekuwa wakipimwa kwa mtihani uitwao LSAT. Swali moja la humo latupendeza: mtahiniwa hupewa hoja, akatakiwa achague jibu litakaloidhoofisha. Tuseme mji umetiwa taa, wizi ukapungua, ikadaiwa kuwa taa ndizo sababu. Ajibuye kuwa taa ni ghali amekosa, hata kama asema kweli. Ajibuye kuwa mwaka huo huo polisi waliongezwa amepata. Hakukana taa wala kupungua kwa wizi, bali amelegeza fundo linaloviunganisha. Wala hatakiwi kuibomoa hoja yote. Kuitia shaka kwatosha. Ndugu viongozi, ni ripoti ngapi zipitazo mezani kwenu zilizoulizwa swali hilo kabla fedha za wananchi hazijatoka?