Maktaba za mpakani zionekane kabla ya bajeti

Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa hofu ya sumukuvu, malori yalijipanga Busia na Malaba huku wachuuzi wakiulizana amri hiyo inasemaje hasa. Siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti: waagizaji wajisajili, na kila shehena iwe na cheti cha kupimwa na cheti cha asili ya bidhaa. Mwenye pa kuusoma waraka wenyewe alijua aanzie wapi. Asiye napo alibaki na maneno ya dalali.

Pa kusoma bila kulipa ni maktaba ya umma. Mama anayevusha nyanya na mayai anaweza kuulizia humo orodha ya bidhaa zinazopita kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usipozidi thamani ya dola 2,000. Lakini taarifa ya maktaba inapowafikia madiwani wa Tororo au wawakilishi wadi wa Busia, kwa kawaida ni hesabu tu: wasomaji wangapi, vitabu vingapi. Mama wa nyanya hayumo.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliziweka maktaba mikononi mwa kaunti, katika fungu moja na kamari, leseni za pombe na maonyesho ya video. Majirani hao huleta ada. Maktaba huleta maombi ya fedha. Uganda nako maktaba za umma ziko chini ya serikali za mitaa, ambako hushindana na barabara na zahanati. Asiyeonekana hapo hukatwa kwanza.

Ndiyo maana video fupi ya simu si mchezo wa vijana. Inatosha mtu mmoja, dakika mbili, ndani ya chumba kisichofikiwa na ngurumo za malori, akieleza alikuja kutafuta nini, alipata nini, na sokoni kilimsaidiaje. Aseme Kiswahili, Kisamia, Kiteso au Dhopadhola, ilimradi aseme mwenyewe. Hotuba ya mgeni rasmi na picha za rafu ziachwe; bando ni pesa, na mchuuzi hatazifungua.

Maktaba ya ngamia ya Garissa, iliyoanzishwa na Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya katika miaka ya 1990, ilijulikana duniani kwa sababu picha yake inajieleza. Hata hivyo wengi wanamkumbuka ngamia kuliko msomaji. Busia haina ngamia wa kuonyesha, na pengine ni heri.

Kuna hatari moja isiyofaa kupuuzwa. Mpakani, sura ni siri ya biashara. Mwanamke aliyewahi kupita njia za panya akasimulia jinsi alivyojifunza kupita kituoni anaweza kuwa anajishtaki, na video ya WhatsApp huvuka mpaka haraka kuliko lori: ataiona mkopeshaji, ataiona afisa wa forodha. Kenya na Uganda zote zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Mkutubi aombe ruhusa kabla ya kurekodi, kisha amwonyeshe mhusika video yote kabla ya kuituma. Akikataa sura, mikono, mzigo na sauti vinatosha. Akikataa vyote, yaishe.

Na kama intaneti ya maktaba imekatika mwezi mzima, mchuuzi alitaje hilo pia, lisifutwe. Video ya sifa tupu ni tangazo, na madiwani wameyazoea matangazo.

Nchi zote mbili huanza mwaka wa fedha Julai 1, na makadirio ya kaunti za Kenya hutakiwa kufika kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Kazi ya kurekodi basi ni ya Februari na Machi. Wachuuzi wanaolipa ushuru wa soko kila siku wana haki ya kuingia kwenye vikao vya maoni ya bajeti wakiwa na simu zao mkononi, na kuomba dakika mbili.