Mchumi Hapigi Kura Yako



Kuna ugonjwa umeingia vijiweni kwetu, kuanzia Mwanjelwa mpaka huku Iringa ninakosoma sheria. Mtu akibanwa kwenye hoja anakimbilia "wachumi wamesema". Wachumi gani? Wamesema nini? Kimya.

Tuangalie Kenya, 2022. Raila aliahidi shilingi 6,000 kwa mwezi kwa kaya masikini, wachumi wakauliza hela itatoka wapi. Swali halali kabisa. Ruto akaahidi bilioni 50 za mfuko wa mahasla, na wapo wenzetu waliotamba kwamba huyo ndiye, maana anaye David Ndii, mchumi aliyeichana serikali ya Jubilee kwa mikopo.

Ndii huyohuyo mwaka 2017 alikuwa NASA kwa Raila. Ruto aliposhinda, akawa mwenyekiti wa baraza la washauri wake wa uchumi. Si dhambi. Ila maoni ya mtu aliye ndani ya timu ni kampeni, tusiyaite utafiti.

Kilichofuata mnakijua. 2023 VAT ya mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Muswada wa Fedha wa 2024 ukaletwa na VAT ya mkate ndani yake. Tarehe 25 Juni vijana wakaingia bungeni Nairobi, wengine wakauawa kwa risasi. Kesho yake Ruto akatangaza kwamba hausaini.

Je, wachumi wote waongo? Hapana. Mchumi akikupa hesabu, msikilize na uikague. Akikupa jina la mgombea tu, huyo ni mpiga debe mwenye digrii.

Na kuna jambo wabishi wetu wanaliruka. Mkenya akikosea au akiibiwa kura, ana pa kwenda. Ibara ya 140 ya Katiba yao inaruhusu kupinga matokeo ya urais mahakamani, na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliyafuta kweli. Sisi tuna Ibara ya 41(7): Tume ikishatangaza rais, hakuna mahakama ya kuchunguza. Mahakama ya Afrika ilishasema mwaka 2020, kesi ya Jebra Kambole, kwamba hiyo inavunja haki zetu. Bado ipo. Sasa maoni ya mchumi yatakusaidia nini kama kura yenyewe haina mlinzi?

Kwa hiyo viongozi wetu, mkija Mbeya na Iringa msituletee majina ya maprofesa. Mwambieni mkulima wa viazi Uporoto mfuko wa mbolea utakuwa bei gani na nani analipa tofauti. Mwambieni lumbesa itakufa lini, maana Sheria ya Vipimo ipo na gunia bado linavishwa kilemba. Mwambieni wa nyanya Ilula soko liko wapi.

Wekeni hesabu mezani, tuzikague wenyewe. Halafu twendeni tukaidai Katiba Mpya, tuifute hiyo 41(7).