Nyumba na Afya: Rangi ya Nywele Ikishika Ngozi

Mwezi huu tunazungumza na mama, dada na vijana wanaopaka rangi nywele nyumbani, na wale wanaopata riziki kwenye saluni za Kawempe, kule Bwaise na Kalerwe. Rangi imeshika paji la uso, masikio na vidole, na kesho kuna ibada au kupigwa picha ya kitambulisho. Tufanyeje?

Kwanza tusiwe na haraka. Doa lile linakaa kwenye tabaka la juu la ngozi, lile linalobanduka lenyewe kidogo kidogo. Hata ukiliacha, litafifia lenyewe, mara nyingi ndani ya siku chache hadi wiki moja au mbili. Kwenye kucha hukaa zaidi, mpaka kucha iote.

Ukitaka litoke mapema, fanya hivi:

1. Rangi ikiwa bado mbichi, futa hapo hapo kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Dakika za mwanzo ndizo zenye faida kubwa.

2. Ikiwa imeshakauka, paka mafuta: ya kupikia, ya nazi au Vaselini. Acha nusu saa, au ulale nayo usiku. Kisha futa polepole kwa pamba au kitambaa laini, uoshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Rudia kesho yake.

3. Kwenye vidole, dawa ya meno nyeupe kidogo inaweza kusaidia. Usoni usiitumie, inawasha.

Sasa yale ya kuacha kabisa. Wengine eti wanasugua kwa Jik, petroli, mafuta ya taa au lile jiwe la kusugulia miguu. Hapana, jamani! Jik inaunguza ngozi. Na ngozi yetu nyeusi ikiungua au ikichubuka, mara nyingi inaacha baka jeusi la miezi mingi. Basi doa la siku tano umeligeuza kuwa la nusu mwaka. Limau nayo ina hatari yake: ukiipaka kisha ukatoka juani, ngozi inaweza kuungua na kutoa malengelenge.

Kuna jambo kubwa kuliko doa lenyewe. Rangi nyingi nyeusi za nywele zina kemikali inayoitwa PPD. Ndiyo hiyo watu wanayochanganya na hina ili iwe nyeusi haraka, au wanayochora mikononi kwa jina la piko. Hina halisi haiwi nyeusi tii. Hutoa rangi ya machungwa au kahawia, tena polepole. PPD ikiwekwa kwenye ngozi inaweza kuleta mzio, na mtu aliyewahi kudhurika kwa piko anaweza kudhurika vibaya zaidi siku akipaka rangi nywele. Kwa hiyo, kama ngozi inawasha, imevimba au ina malengelenge, hilo si doa la kusugua. Osha kwa maji mengi na uende kituo cha afya. Kope au midomo ikivimba, au pumzi ikibana, usingoje asubuhi.

Watoto ndio tunaowahofia zaidi. Rangi hii ikimezwa ni sumu. Shingo na ulimi huvimba mpaka hewa haipiti, mkojo hugeuka mweusi, na figo huweza kushindwa kazi. Madaktari wa Khartoum, Sudan, waliandika mwaka 1992 habari za watoto waliopata sumu ya hina iliyochanganywa na PPD, na baadhi yao walifariki. Mtoto akimeza, usimtapishe wala usimpe maziwa ukangoja uone. Mkimbize hospitali na ubebe paketi ya rangi, daktari aione. Kwa walioko Kawempe, ipo Hospitali ya Rufaa ya Taifa ya Kawempe. Mkimbizi hutibiwa hospitali ya serikali kama raia, hivyo usiogope kwenda.

Kinga ni rahisi. Siku mbili kabla ya kupaka, weka tone la rangi ndani ya kiwiko, uone kama ngozi itawasha. Siku yenyewe, paka Vaselini kuzunguka nywele na masikio. Vaa glavu, kama huna, funga kaveera mikononi. Dada wa saluni, ninyi mnaogusa rangi kila siku, glavu ni kama jembe kwa mkulima: bila hiyo kazi haitadumu. Na rangi isimiminwe kwenye chupa ya soda, wala isiwekwe mahali mtoto anapofika.

Someeni na jirani asiyejua kusoma. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.