TAHARIRI: SHIDA YAKO INA UKUBWA GANI?



Kahawa imeanza kutoa maua, na walanguzi wa butura nao wameanza kupita. Mchana huwaoni. Wanapita giza likiingia, wakati mtu ameshahesabu madeni yake yote na chakula bado kiko jikoni. Wanajua wanachokifanya. Shida ya saa 2 usiku hailingani na shida ile ile ukiitazama asubuhi. Mlanguzi hana hata haja ya kukudanganya, anangoja tu uikuze mwenyewe mpaka ijae nyumba nzima.

Butura kila mtu hapa Kagera anaijua: kuuza kahawa ingali mtini, nyingine bado maua. Imekatazwa mara nyingi, na bado ipo. Mikutanoni tunawalaumu walanguzi, na wanastahili. Leo tunataka kusema juu yetu sisi wauzaji.

Tuseme mtu ana miti itakayotoa magunia 3 ya maganda. Mtoto anadaiwa sare na mchango wa chakula shuleni. Ukipiga hesabu, deni lote ni kama nusu gunia. Mlanguzi anatoa fedha ya gunia 1 kwa miti yote. Nusu inakwenda shule, nusu nyingine inayeyuka (tusiulizane wapi, kilabu kiko pale pale). Mavuno yakifika, magunia 3 yanaondoka kwa pikipiki ya watu na mwenye miti amesimama uani anatazama. Deni lilikuwa la nusu gunia. Hayo mengine yote yameliwa na hofu, hofu na aibu.

Aibu tunaitaja makusudi. Mtu anaona haya kumwambia jirani, "Ndugu yangu, nimekwama, nikopeshe kidogo." Anaona eti kijiji kizima kitamcheka. Basi anakwenda kwa mlanguzi kwa sababu mlanguzi hasemi. Siri hiyo ndiyo anayoinunua kwa kahawa ya mwaka mzima! Na jirani mwenyewe huyo wiki iliyopita alikuwa na deni kama lake, naye kalificha.

Sasa jamani, wapo wanaosema dawa ya shida ni kukumbuka waliopata mabaya zaidi. Mifano ipo. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, na wenzetu wa kaskazini ya mto Kagera wakakimbia na watoto mgongoni, mifugo na migomba wakaiacha. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa katika mkoa wetu huu, na miaka iliyofuata tulizika mno. Miaka hiyo hiyo kipande cha sabuni kilipangiwa foleni. Ni kweli tupu. Lakini mama ambaye mtoto wake anaungua homa usiku huu, ukamwambia mwaka 1978 ulikuwa mbaya zaidi, umemsaidia nini? Zipo shida ambazo ni kubwa ukizipima usiku na ukizipima mchana: kufiwa, maradhi, kesi ya kibanja. Mwenye shida hizo hatumwambii ahesabu neema zake. Tumwendee na kuni na ndizi, tukae naye.

Sisi tunaona faida ya kuwasikiliza wazee iko kwingine. Muulize mzee aliyeukimbia mji wake wakati ule wa vita ni kitu gani alikikosa sana. Waliotusimulia hawakutaja fedha. Mmoja alisema kufagia uwanja wake asubuhi. Mwingine alisema maji ya chemchemi anayoijua, na kumpa mgeni kahawa ya kutafuna kabla hajamwuliza habari za safari. Vitu ambavyo jana sote tulivifanya bila hata kuviona.

Na hapa ndipo mtu wa butura anapokosea hesabu. Macho yake yako kwenye deni tu, kwa hiyo hakioni kibanja alichosimama ndani yake. Hebu azunguke asubuhi, polepole, kama anayemtembeza mgeni. Mikungu 2 imekomaa. Maharage yapo. Kuku wapo, na beberu yule anayewatukana majirani usiku kucha anaweza kuuzwa bila mtu kumlilia. Yuko jirani anayedaiwa debe la mahindi tangu msimu uliopita. Mke au mume yupo, mzima, na pengine hajaambiwa hata neno moja juu ya deni lenyewe! Akimaliza kuzunguka, aliseme deni lile kwa sauti: ni kiasi gani, linadaiwa na nani, mwisho lini. Mara nyingi litatoshea kwenye mkungu wa ndizi na siku 14 za kuomba subira.

Lisipotoshea, basi ni kubwa kweli, na mtu asilibebe peke yake. Chama hakiwezi kulipia kahawa ambayo haijapimwa, hilo lieleweke. Lakini barua ya chama kwenda shuleni kuomba muda inaandikwa, na kamati inaweza kukaa na mdai mkaelewana. Na wale wenye chama cha kufa na kuzikana wakumbuke kuwa mfuko wao unakopesha hata walio hai.

Katibu anakaa ofisini Jumanne na Ijumaa kuanzia saa 2 asubuhi. Njoo na kiasi cha deni na tarehe ya mwisho, viwe vimeandikwa. Anayeona haya aje mapema, kabla watu wa mizani hawajafika.