Si wa Mtu: Waigizaji wa Kike wa Filamu za Ujasusi na Usahaulifu wa Wahakiki

Katika vibanda vya video vya Ruiru na Thika, kama ilivyo katika vibanda vingi vya namna hiyo nchini Kenya, filamu ya kigeni aghalabu haitazamwi bila msimulizi. Sauti yake, kwa mtindo uliopata umaarufu mkubwa kupitia kazi za DJ Afro, huifunika sauti ya waigizaji na kuisimulia filamu upya kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Wahusika hugawiwa mafungu mapema. Yuko "steringi", ambaye hafi. Wako maadui, ambao hawana budi kufa. Kisha yuko "demu wa steringi", ambaye kazi yake ni kuokolewa, kusaliti au kutazamwa.

Wasomi huicheka lugha hiyo, na kicheko chao hakina haki. Barabara kuu ya Thika, iliyopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012, hupita karibu na vyuo vikuu kadhaa. Katika kumbi za mihadhara, na katika maandishi yanayotokana na kumbi hizo, mwigizaji wa filamu ya ujasusi huitwa "msichana wa Bond" bila mtu kushtuka. Baina ya kibanda na ukumbi tofauti ni ya rejista tu. Sarufi ni ile ile. Semi zote mbili zimeegemea kiungo kimoja kidogo, yaani a-unganifu, ambacho humfanya mwanamke awe milki ya nomino inayomfuata. Makala haya yanashikilia kwamba mhakiki anayekikubali kiungo hicho hujinyima ushahidi mkubwa kuliko wote unaokikanusha, nao ni maisha na kazi za waigizaji hao baada ya filamu kwisha.

Ushahidi huo waanzia katika filamu ya kwanza ya mfululizo wa Bond, Dr. No, ya mwaka wa 1962. Picha ya Ursula Andress akitoka baharini imechambuliwa mara nyingi mno. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba maneno yanayosikika kinywani mwake yalitamkwa na mwanamke mwingine, Nikki van der Zyl, ambaye aliwasemea pia waigizaji wengine kadhaa wa mfululizo huo na ambaye baadaye alisomea sheria akawa wakili. Basi msimulizi wa kibanda cha Ruiru anayefunika sauti ya mwigizaji hafanyi jambo geni. Watengenezaji wa filamu wenyewe walimtangulia. Walimgawa mwanamke mmoja kuwa wawili, mmoja wa kuonekana na mwingine wa kusikika, kisha wakawaweka wote wawili chini ya jina la mwanamume.

Honor Blackman naye alikuwa na umri wa miaka 39 Goldfinger ilipotoka mwaka wa 1964, na bado akaitwa msichana. Aliendelea kufanya kazi jukwaani na katika televisheni kwa miongo mingi. Mwaka wa 2002 alikataa nishani ya kifalme kwa kuwa hakuamini utawala wa kifalme. Akafariki mwaka wa 2020 akiwa na miaka 94. Diana Rigg, aliyeigiza jasusi katika tamthilia ya televisheni ya The Avengers kabla ya kuingia katika filamu ya Bond ya mwaka wa 1969, aligundua kwamba alikuwa akilipwa mshahara mdogo kuliko mpiga picha, akadai haki yake hadharani na kuongezwa. Mwaka wa 1982 alichapisha mkusanyo wa tahakiki kali zilizowahi kuandikwa dhidi ya waigizaji, na mwaka wa 1994 akatunukiwa tuzo ya Tony kwa kumwigiza Medea. Mwigizaji huyo aliwahakiki wahakiki. Ni wahakiki wangapi waliomjibu?

Huenda ikasemwa kwamba hayo ni ya Uingereza, na kwamba idara ya Kiswahili ina shughuli zake. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu kesi iliyo wazi kuliko zote iko Afrika Mashariki. Mwaka wa 1984 ilitoka filamu ya Sheena, iliyopigwa nchini Kenya. Haikuwa filamu ya ujasusi, ila ilikuwa ngazi ya kuifikia: Tanya Roberts, Mmarekani aliyepewa nafasi ya malkia mweupe wa msitu wa Kiafrika, aliingia katika filamu ya Bond ya A View to a Kill mwaka uliofuata. Katika filamu hiyo ya Sheena, nafasi ya mganga anayemlea malkia huyo iliigizwa na Elizabeth, binti mfalme wa Toro, Uganda.

Maisha ya wanawake hao wawili yanafaa kuwekwa sambamba. Roberts aliendelea na kazi ya televisheni katika That '70s Show, akaiacha ili amuuguze mumewe, ambaye alifariki mwaka wa 2006. Mapema Januari 2021 vyombo vya habari vya dunia vilitangaza kifo chake angali hai hospitalini. Alifariki tarehe 4 ya mwezi huo. Vichwa vya habari vilimzika chini ya jina la Bond mara mbili, mara ya kwanza kabla hajafa. Mtu hawezi kutafuta mfano bora wa lebo iliyomtangulia mwenyewe kaburini.

Elizabeth wa Toro, kwa upande wake, alikuwa tayari ameishi maisha ambayo hakuna mtunzi wa filamu za ujasusi angethubutu kumpa mwanamke Mwafrika. Mwaka wa 1965 alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili nchini Uingereza. Alikuwa mwanamitindo wa kimataifa. Mwaka wa 1974 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uganda chini ya Idi Amin, aliyemfukuza mwaka ule ule kwa kumzulia kashfa ya kimapenzi. Kwa maneno mengine, Amin alijaribu kumvua uwaziri na kumvika uhusika: alitaka mwanadiplomasia asomwe kama yule mrembo wa filamu ambaye mwili wake ndio habari yake yote. Elizabeth alitorokea Kenya. Miaka miwili baada ya Sheena kutoka, yaani mwaka wa 1986, alikuwa balozi wa Uganda nchini Marekani. Aliyeigiza mganga kando ya malkia wa kubuni ndiye aliyekuwa na ufalme, sheria na dola katika wasifu wake, lakini jina lake huorodheshwa chini.

Miongo miwili baadaye hali ilijirudia kwa sura nyingine. The Constant Gardener, filamu ya mwaka wa 2005 iliyotokana na riwaya ya John le Carré, ilipigwa kwa sehemu kubwa Kenya, ikiwemo Kibera na Loiyangalani. Rachel Weisz, aliyemwigiza mwanaharakati anayeuawa, alipata Oscar ya mwigizaji msaidizi mwaka wa 2006. Wanawake Wakenya walionekana katika filamu hiyo kama wagonjwa, wapitanjia na wake wa watu. Hata hivyo, miongoni mwa vijana waliotumwa huku na huko na watengenezaji alikuwemo msichana Mkenya, Lupita Nyong'o. Mwaka wa 2014 alipata Oscar yake mwenyewe kwa 12 Years a Slave. Mwaka wa 2018 aliigiza Nakia, jasusi wa Wakanda, katika Black Panther; mwaka wa 2022 aliigiza mtaalamu wa kompyuta aliyewahi kutumikia ujasusi wa Uingereza katika The 355. Katikati ya hayo aliandika kitabu cha watoto, Sulwe, kilichotoka mwaka wa 2019 na ambacho jina lake la Kidholuo lina maana ya nyota. Mhakiki anayemchambua Nakia bila kuitaja safari hiyo, iliyoanza kwa kutumwa na kufikia kutuma, ameisoma nusu ya matini.

Jina lenyewe la The 355 lina funzo. Linatokana na nambari ya siri ya mwanamke jasusi wa wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anamjua ndugu yake. Katika Mzalendo Kimathi, tafsiri ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo iliyotoka mwaka wa 1978, kuna mhusika anayeitwa Mwanamke tu, ambaye huficha bunduki ndani ya mkate na kuipitisha mbele ya askari. Waandishi walikuwa na sababu ya kumnyima jina: walitaka awakilishe wanawake wote, wakiwemo wale wa Kiambu na Murang'a, waliopeleka chakula, silaha na habari msituni wakati wa Hali ya Hatari. Uamuzi huo wa kisanaa unaeleweka. Lisiloeleweka ni mhakiki kuuhamisha uamuzi huo kutoka kwa mhusika hadi kwa mwigizaji, kana kwamba anayemwigiza Mwanamke naye hana jina.

Hapa ndipo suala linapofika Thika yenyewe. Jina la mji huo lilienea duniani kupitia kumbukumbu za utotoni za Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika, za mwaka wa 1959, na tamthilia ya televisheni ya mwaka wa 1981 iliyotokana nazo. Kazi za baadaye za Hayley Mills, aliyeigiza mama wa familia hiyo ya walowezi, zinaweza kufuatiliwa mwaka baada ya mwaka, na mwenyewe amekwisha kuandika wasifu wake. Kuhusu wanawake Wakenya walioonekana katika tamthilia hiyo wakibeba maji na mizigo, uhakiki umenyamaza. Kimya hicho hakiwezi kulaumiwa London peke yake. Kazi ya kukivunja ilikuwa ya majirani.

Kimya hicho kingali kinatengenezwa. Kila mwaka vikundi vya maigizo huzunguka katika shule za sekondari, za Ruiru na Thika zikiwemo, vikiigiza vitabu teule vya Kiswahili. Kwa miaka kadhaa wasichana waliosimama mbele ya mamia ya wanafunzi walimwigiza Tunu wa Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, anayeupinga utawala wa Majoka huko Sagamoyo. Wanafunzi waliukumbuka uso na sauti ya msichana huyo walipoingia katika chumba cha mtihani. Yamkini walimwelewa Tunu kwa kumsikia yeye kuliko kwa kumsoma mwandishi. Kisha kitabu hubadilishwa, kikundi huvunjika, na msichana huondoka. Usawiri wa Tunu huandikiwa insha na tasnifu. Aliyempa Tunu mwili haandikiwi hata tanbihi. Uhakiki unaojiita mtetezi wa mwanamke humtetea mwanamke wa karatasi na kumsahau aliye hai.

Wapinzani wa rai hii wana hoja moja ya kuheshimiwa. Watasema kwamba maisha ya msanii si kazi yake, na kwamba mhakiki akianza kuuliza mwigizaji aliolewa na nani, uhakiki utageuka umbeya. Hatari hiyo ni ya kweli, na magazeti ya burudani yanaithibitisha. Lakini kanuni hiyo haifuatwi na wanaoitaja. Anayesema "msichana wa Bond" amekwisha kuyachanganya maisha na uhusika. Ameyachanganya kwa faida ya uhusika. Isitoshe, swali linaloulizwa hapa si la ndoa. Ni la kazi: mwigizaji alipewa nafasi zipi baadaye, alikataa zipi, alilipwa namna gani, ni nani alizungumza kwa kinywa chake, na umri gani ulihesabiwa kuwa mwisho wake. Maswali hayo ni ya fani na ya jamii kwa pamoja, na hakuna nadharia ya uhakiki inayoyaharamisha. Mhakiki wa ushairi huuliza nani alighani na mbele ya hadhira gani. Kwa nini mhakiki wa filamu na tamthilia asiulize nani aliigiza?

Idara zilizo kandokando ya barabara hiyo hazihitaji fedha za kigeni ili kuanza. Zinahitaji daftari. Liandikwe humo, kwa idhini yao, majina ya wasichana wanaoigiza vitabu teule, mahali walipoigiza na mwaka. Wahojiwe baada ya miaka mitano na baada ya kumi, kuhusu kazi walizopata na zile walizonyimwa. Tasnifu ijayo kuhusu tamthilia ya Kiswahili isikubaliwe ikiwa inamjua mhusika na haimjui hata mwigizaji mmoja aliyemtamka. Na a-unganifu kirudishwe katika kazi yake halali ya sarufi: Blackman wa Goldfinger, Nyong'o wa Black Panther, kama vile fundi anavyoitwa wa kiti alichokichonga. Mwigizaji na aitwe kwa kazi aliyoifanya. Si wa steringi, wala si wa Bond.